Betri ya Marehemu Joakim

Haya yalimpata rafiki yangu Othmar, na mpaka leo simwonei huruma. Alikuwa na basi dogo aliloliwekea kitanda, la kushukia ziwani kupumzika. Fundi alimshauri anunue betri mpya ya taa. Yeye akaenda Namswea kung'oa ile ya sola ya kaka yake, marehemu Joakim, hata kabla matanga hayajaanuliwa.

"Shemeji, ngoja basi msiba uishe," mjane, Notburga, alimsihi. "Unatuacha gizani na watoto."

"Marehemu hahitaji taa," Othmar akajibu, akaibeba na kwenda kuifunga chini ya kitanda cha basi.

Wiki tatu alikaa Ngumbo, kando ya ziwa, akilala ndani ya basi, bila kuongeza maji ya betri hata tone. Alipofungua vifuniko, alikuta maji yamejaa hadi kwenye alama, na vichwa vya betri vimepakwa grisi mpya, kama alivyokuwa akifanya Joakim. Akavifunga haraka, akampigia Notburga.

"Chupa yake ya maji ya betri ipo hapa dirishani," mjane akasema. "Hakuna anayeigusa, shemeji, lakini kila asubuhi naikuta imepungua."

Simu ikiwa bado sikioni, Othmar akasikia, kule gizani chini ya kitanda, kifuniko cha kwanza kikizungushwa taratibu, kisha cha pili.