Mafiga ya Nyamburi

Kilichoanza ni harufu. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, nyumba ya Ndugu Masatu, mkubwa wa serikali, pale mtaa wa Mukendo ilinuka nyasi za paa zilizoungua, na nyumba yenyewe ilikuwa ya bati.

Wankyo, mtumishi wa ndani, alichungulia jikoni. Mkaa ulikuwa umezimwa. Uani, mafiga matatu ya mawe yalikuwa baridi, hayajakokewa moto tangu wageni wa mwisho waondoke. Masatu ndiye aliyeyaleta kwa Landrova yake mwaka wa 1974, aliposimamia kuhamisha watu upande wa Butiama kwenda vijiji vipya. Nyumba zilichomwa watu wasirudi, naye akaona mawe mazuri ya kupikia ugali wa wageni, akayabeba. Kwao yeye mwenyewe alifundishwa kwamba mafiga ya mama aliyekufa hayahami bila majivu yake na neno la wanawe. Lakini cheo kina dawa ya kusahaulisha.

Wankyo aliyatambua siku ile ile yalipoletwa. Moja lilikuwa na pengo alilolitia yeye kwa panga, utotoni. Yalikuwa ya bibi yake, Nyamburi, aliyeng'ang'ania mlango wake mpaka wakubwa wakasema ana kichaa, wakamfunga kamba, wakamtupa kwenye lori. Hakufika hai. Wankyo alinyamaza, maana kazi ile ndiyo iliyowalisha wadogo zake.

Siku ya tatu ya harufu ile, mke wa Masatu, Jenoveva, alimshika mkono.

"Wankyo, nani anasonga ugali uani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Namsikiaga kila siku saa hizi. Sikiliza."

Wakasimama nyuma ya pazia, na kweli mwiko ukazunguka ndani ya chungu kisichokuwepo, kwanza polepole, kisha kwa nguvu za mkono wa mama mwenye watoto wengi, na ile harufu ikawaingia kooni mpaka machozi yakawatoka, na majivu katikati ya mafiga yakaanza kuinuka na kushuka, kuinuka na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

Tangu hapo Jenoveva hakula. Alikaa uani akiyaomba mawe msamaha, nywele timutimu. Wake wa wakubwa walikuja na machungwa. "Ni presha," walisema. "Kachoka tu, apumzike." Kwa Nyamburi kilikuwa kichaa, kwa Jenoveva ni presha. Mkuki kwa nguruwe!

Wankyo alimhurumia mama yule, na huruma ikamponza. Alimwendea Masatu.

"Bwana, rudisha mafiga kwao. Ni ya bibi yangu. Hata mimi namsikiaga."

Masatu alimfukuza arudi jikoni. Kesho yake mganga Ryoba aliletwa kutoka Bunda, akapitishwa mlango wa nyuma, maana mkubwa hapaswi kuonekana na waganga. Ryoba aliinama kwenye mafiga, akanusa, akarudi nyuma hatua tatu. Wankyo aliona kwamba ameelewa. Lakini nani atamwambia mkubwa kuwa mzimu huo ameubeba yeye mwenyewe kwa Landrova yake? Mganga aliangalia viatu vya Masatu vinavyong'aa, akamnyooshea kidole Wankyo.

"Balaa limekuja na huyu. Kichaa ni cha ukoo wao."

Basi watu wa Masatu wakamfunga kamba, wakampakia kwenye lori, apelekwe hospitali ya vichaa. Jenoveva alipiga kelele dirishani, "Mwacheni! Anasikia kama mimi!" Mtu akafunga dirisha. Wankyo aliwafikiria wadogo zake, wasiojua kwamba leo hawana mtu.

Ilikuwa saa saba. Kabla lori halijaondoka, Masatu alikaribia, jasho likimtiririka, akanong'ona watu wasisikie.

"Wankyo. Huo mwiko... unausikia?"

Aliusikia. Safari hii haukutoka uani, ulikuwa nyuma ya mgongo wa Masatu kabisa, na majivu yalikuwa yameanza kumtua mabegani.

"Sisikii kitu, bwana," Wankyo alisema. "Ni presha tu. Pumzika."