Saa ya Mashine ya Sita

Saa mbili na robo asubuhi, maandishi mekundu yalitokea tena kwenye skrini ya mashine ya sita. Yalisema kwamba sahihi ya faili haikuweza kuthibitishwa, na kwamba usakinishaji umesimama. Jeruto aliyasoma bila kusogeza kiti. Alikuwa ameketi mbali kadiri mikono yake ilivyoweza kuifikia kibodi, kwa sababu mashine ile ilinuka.

Chumba chote cha kompyuta kilinuka kidogo. Kilipakana na ghala la mahindi ya chakula cha mchana, na katika shule hii ya Lumakanda panya walivuka ukuta ule walivyotaka. Lakini harufu ya mashine ya sita ilikuwa kali, harufu ya mkojo uliolala, nayo iliganda kooni kama mafuta ya nyama iliyopoa. Wanafunzi walizoea kusema kwamba inanukanga kama soksi za mwenzao Wanyama. Wanyama naye aliwajibu kwamba soksi zake ni afadhali, hufuliwa kila Jumamosi.

Kompyuta hizo hazikuwa na intaneti. Kwa hivyo Mwalimu Cherono, mlezi wa klabu ya kompyuta, alikuwa amepakua masasisho ya Windows nyumbani kwa dada yake mtaani Shieywe, akayaleta kwenye diski ya mkononi pamoja na programu ya kuyasakinisha bila mtandao. Kazi ziligawanywa. Jeruto, kiongozi wa klabu, alipewa kufungua kila mashine, kuitoa vumbi na kuikagua. Mwenzake Abu alipewa diski: anakili folda kwenye kila mashine, kisha programu iendeshwe. Mashine zote zilikubali isipokuwa ya sita.

"Abu," Mwalimu alisema, "ulisubiri diski imalize kunakili?"

"Nilisubiri, Mwalimu. Mpaka ule mstari wa kijani ukajaa."

"Jana na leo?"

"Jana na leo."

"Jana si ulitoka mbio kengele ya uji ilipolia?" Wanyama alidakia. "Mimi nilikuona."

"Ulinionaje na wewe ulikuwa mbele yangu na vikombe viwili?"

Darasa lilicheka. Mwalimu Cherono hakucheka. Alikuwa mtu wa kushika jambo moja, kulithibitisha, kisha kushika lingine, na alikuwa ameinama kwenye mashine ya tatu akiuliza bila kugeuka.

"Jeruto, hii ya sita uliifungua wiki jana?"

"Ndiyo, Mwalimu. Niliifungua nikaisafisha kama zile zingine."

"Betri ndogo ya ndani, ile inayotunza saa, uliiangalia?"

"Niliiangalia. Iko sawa."

"Na saa ya mashine?"

Jeruto alitupa jicho kwenye pembe ya chini ya skrini. Tarehe iliyokuwapo ilikuwa ya kwanza Januari, mwaka 2009, kabla yeye hajazaliwa.

"Iko sawa, Mwalimu," alisema.

Ukweli ulikuwa hivi. Wiki iliyotangulia, Jeruto alilegeza skrubu za mashine ya sita na kuvuta bamba la ubavuni. Harufu ilimpiga usoni. Ndani kulikuwa na donge la karatasi zilizotafunwa na nywele za mahindi, limelowa na kuwa la rangi ya chai. Katikati ya donge kulikuwa na mkia, na kando ya mkia vitu vidogo vya waridi, vimesinyaa, visivyo na manyoya. Mate ya uchungu yalimjaa mdomoni. Alirudisha bamba kwa kiganja, akakaza skrubu moja tu, akatoka nje akatapika nyuma ya ghala. Aliporudi alimwambia Mwalimu kwamba mashine zote ziko tayari.

Sasa Mwalimu Cherono alisimama na kunyoosha mgongo.

"Faili ikinakiliwa nusu, sahihi yake haisomeki, na ujumbe unaokuja ni huu huu," alisema. "Mashine imekaguliwa, betri ni nzima, saa ni sawa. Imebaki mkono ulionakili. Baada ya mapumziko nitanakili mwenyewe. Ikikataa, tutatafuta kwingine. Ikikubali, Abu, utanirudishia diski, na Jumamosi ataenda mwingine Kakamega."

Jumamosi ilikuwa siku ya maonyesho ya shule mjini Kakamega. Abu ndiye aliyechaguliwa kueleza kazi ya klabu mbele ya watu. Nyanya yake alikuwa ameshaambiwa, naye angetoka Mumias kuja kumsikiliza.

"Sawa, Mwalimu," Abu alisema. "Itakataa tu."

Wakati wa mapumziko Jeruto hakwenda kwenye uji. Alirudi katika chumba cha kompyuta peke yake. Aliwaza kwamba mashine ikikubali, mambo yataisha: hakuna atakayeifungua, hakuna atakayeuliza juu ya betri. Aliziba pua kwa mkono wa sweta, na kwa mkono mwingine akabadilisha tarehe ya mashine ikawa ya siku hiyo. Hata kibodi ilinata vidoleni. Aliosha mikono bombani, akanusa, akaosha tena.

Mwalimu Cherono aliporudi alichomeka diski, akanakili folda, akasubiri mstari ujae, akahesabu mafaili, kisha akaendesha programu. Sasisho la kwanza likaingia, na la pili, na mengine yakafuata. Mwisho programu iliandika kwamba sehemu ya kwanza imekamilika, na kwamba sehemu ya pili itaendeshwa mashine ikishazimwa na kuwashwa.

"Imekubali," Mwalimu alisema. Sauti yake haikuwa na furaha yoyote. "Abu, diski."

Hapo tu ndipo Jeruto alipoona alichofanya. Alikuwa ametaka kujificha, na maficho aliyoyapata yalikuwa mgongo wa mwenzake.

Abu aliichomoa diski, akaipangusa kwa pindo la shati kabla ya kumkabidhi, kama alivyofanya siku zote. "Mimi nilisubiri, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini.

"Mashine imesema vingine."

Abu alimgeukia Jeruto. "Wewe ulikuwa kwenye kibodi, kando yangu. Uliniona nikichomoa kabla haijamaliza?"

"Sikuangalia," Jeruto alijibu.

Abu alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu kilichonata kwenye soli ya kiatu, anapojaribu kujua ni nini kabla hajakipangusa. Kisha akatoka.

Chakula cha mchana kilikuwa githeri ya mahindi na maharagwe. Jeruto aliweka kijiko kimoja mdomoni akashindwa kumeza. Mahindi yalimrudishia lile donge, na donge likamrudishia yale macho ya Abu. Alipojaribu kuamua ni kipi kilichomchafua zaidi tumbo, jibu halikuchelewa. Panya hawakumdanganya mtu. Alimwaga githeri kwenye ndoo ya makombo akaenda kubisha ofisini.

"Mwalimu, Abu hakukosea," alisema, na alipoanza hakuweza kusimama. "Ya sita sikuisafisha. Niliifungua nikaona panya ndani, nikaifunga. Betri sikuiangalia. Saa ilikuwa imerudi mwaka 2009, nikakwambia iko sawa. Halafu wakati wa mapumziko nikairekebisha, ndiyo ikakubali."

Mwalimu Cherono aliweka kalamu chini. "Maneno yako nimeyatumia leo asubuhi, yakaniangusha," alisema. "Sasa twende tuiulize mashine. Wapitie Abu na Wanyama."

Mbele ya wote watatu alizima swichi ya ukutani, akasubiri, akawasha. Pembe ya skrini ikasoma tena Januari ya mwaka 2009. Akaendesha sehemu ya pili. Maandishi mekundu yakatokea, neno kwa neno.

"Faili ni zile zile nilizonakili mimi," alisema. "Kwa hivyo mkono wa Abu hauhusiki, na wangu pia hauhusiki. Kila faili ina sahihi ya walioitengeneza, na kila sahihi ina tarehe ya kuanza kutumika. Mashine hii inaamini tuko 2009. Kwake, sahihi ya mwaka huu haijaanza. Inakataa kwa haki." Alimgeukia Abu. "Nilikuhukumu kwa habari nisizozithibitisha mwenyewe. Nisamehe. Diski ni yako, na Jumamosi ni yako."

"Asante, Mwalimu," Abu alisema. Hakumtazama Jeruto.

"Tungeweza kuirekebisha saa kwa mkono, kama alivyofanya Jeruto," Mwalimu aliendelea, "lakini umeme ukizimwa itasahau tena. Kuna sababu ndani. Jeruto, bisibisi."

Alimpa pia glavu, barakoa, na chupa ya maji yaliyotiwa dawa ya kuua viini. "Nyunyiza kwanza, ngoja ilowe. Usiipanguse kamwe ikiwa kavu. Vumbi la uchafu wa panya likiingia mapafuni ni ugonjwa."

Bamba lilipotoka, Wanyama alirudi nyuma hadi mlangoni. "Ai! Yaani hii ndiyo mmekuwa mkisingizia soksi zangu?"

Jeruto alinyunyiza. Alingoja hadi donge lilowe. Alilitoa donge vipande vipande, likilia chepechepe ndani ya glavu, akalitia katika mfuko wa plastiki. Mkia ulitoka peke yake. Vile vitu vya waridi vilikuwa vimenata kwenye chuma, akavibandua kimoja kimoja. Nyuma ya mashine kulikuwa na upenyo uliokosa kifuniko, na hapo ndipo panya alipoingilia. Chini ya donge walikuta betri, duara kama kitufe cha koti, imeota kutu ya kijani. Mkojo ulikuwa umeitafuna pamoja na kikalio cha chuma kinachoishika.

Abu ndiye aliyeshika tochi tangu mwanzo hadi mwisho. "Hapo bado," alisema mara moja. "Kushoto." Hayo tu.

Kikalio kilisuguliwa kwa spiriti hadi kikang'aa. Wanyama alitumwa kwa fundi wa saa sokoni, akarudi na betri mpya. Abu alikata bati la kuziba upenyo.

Jeruto alipomaliza kunawa, Mwalimu Cherono aliwaketisha.

"Kinyaa kila mtu anacho," alisema. "Hata mimi leo sitakula nyama. Jeruto, ungekuja wiki jana ukasema, 'Mwalimu, hii imenishinda, inanuka,' ningekuletea glavu siku hiyo hiyo. Ukaniambia umeona usichokiona. Mtu anayetafuta kosa huondoa sababu moja baada ya nyingine, na mwisho husimama mbele ya ile iliyobaki. Wewe uliondoa ile ya kweli, akabaki Abu. Uongo wa kazi hauishii kwa anayeusema. Humwangukia aliyesimama karibu. Uongozi wa klabu muhula huu atashika mwenzako. Mashine ya sita itabaki mikononi mwako."

"Ndiyo, Mwalimu." Jeruto alimgeukia Abu. "Nisamehe. Nilikuona ukisubiri, jana na leo."

Abu sasa alimtazama. "Kesho tunakili upya," alisema. "Wewe utahesabu mafaili. Kwa sauti."

Asubuhi iliyofuata Jeruto aliwasha swichi ya ukutani. Alivuta kiti hadi meza ikamgusa kifua, akasoma pembe ya skrini: tarehe ilikuwa ya siku hiyo. Abu alichomeka diski, akanakili, na Jeruto akahesabu mafaili kwa sauti hadi la mwisho. Programu iliendeshwa. Sehemu ya pili ikakamilika bila maandishi mekundu, na Abu akachomoa diski, akaipangusa kwa pindo la shati.