Baiskeli ya Jua, Baiskeli ya Mvua

Mvua ya Kitale haipigi hodi. Siku hiyo ya soko, mwezi wa Aprili mwaka wa 1987, jua lilikuwa linachoma migongo ya watu saa sita mchana, na ilipofika saa sita na robo matone makubwa kama punje za mahindi yalikuwa yanagonga mabati. Wauza nyanya walifunika makarai yao, wanunuzi wakakimbilia veranda za maduka. Lakini aliyekimbia kuliko wote alikuwa kijana mmoja mrefu, mwembamba, aliyebeba baiskeli begani.

Hakuipanda. Aliibeba kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Akapanda ngazi za duka la vitambaa la Mama Bimla, akapenya katikati ya watu, akaisimamisha kando ya cherehani ya Wilkista, mshonaji wa hapo barazani, na kabla hajavuta pumzi akanyakua kitambaa cheupe kilichokuwa mezani akaanza kupangusa spoki.

Wilkista alikuwa msichana mnyamavu. Wateja walizoea kupimwa mabega bila kuambiwa neno zaidi ya "geuka." Siku hiyo sauti ilimtoka, mwenyewe akashangaa.

"Wewe! Hiyo ni nguo ya mke wa pasta!"

Kijana alikitazama kitambaa. Tayari kilikuwa na alama mbili za grisi.

"Pole, dada. Nilidhani ni tambara."

"Tambara lina lesi?"

Watu wakacheka. Mama Bimla akatoa kichwa mlangoni, bangili zikilia mkononi. "Kelele gani hapa? Nani ameleta baiskeli kwa duka yangu?"

"Mama, inalowa," kijana akasema.

"Na wewe je? Hulowi?"

Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola ndefu ya shati lake jeupe. Suruali yake ya kahawia ilimgandia miguuni. "Mimi nitakauka," alijibu, akaendelea kupangusa, safari hii kwa mkia wa shati lake.

Wilkista aliitazama hiyo baiskeli. Ilikuwa Raleigh ya kijani, inang'aa kama sufuria mpya, ina dainamo, ina taa mbili, na kiti chake kimevalishwa kofia ya uzi mwekundu.

"Si ungeipanda tu ufike kwenu?"

"Hii? Kwa mvua?" Kijana alishtuka kama ameambiwa akapike viatu. "Hii ni ya jua. Ya mvua ni nyingine."

"Ati una baiskeli mbili?"

"Mbili, dada. Ya jua na ya mvua."

"Na miguu je? Ya mvua umeiacha wapi?"

Kijana akacheka mpaka akaegemea cherehani. Aliitwa Kiptanui, mtu wa Cheptais, mpiga picha. Kamera yake ilikuwa tumboni, ndani ya shati, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Alizunguka mashamba yote ya Kitale akipiga picha za arusi, za ubatizo, na za ng'ombe, kama mwenye ng'ombe aliwapenda sana. Mvua ilipokatika alinunua kitambaa kingine cheupe kwa mke wa pasta, na kesho yake akarudi kuuliza kama kilitosha. Kesho kutwa akarudi kuuliza kama kilishonwa vizuri. Siku ya nne hakuwa na swali, akaja tu.

"Leo umeleta neno gani?" Wilkista akamuuliza bila kuinua macho.

"Leo nimekuja kupimwa."

"Upimwe nini?"

"Chochote. Anza na bega."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Jua likiwaka, Kiptanui alikuja na ile ya kijani, Wilkista akakaa nyuma kwenye keria, gauni lake la maua limekusanywa vizuri magotini, na mji wote ukawaona wakiteremka kuelekea kituo cha treni. Mvua ikinyesha, alikuja na ile nyingine. Hiyo ilikuwa blakmamba ya zamani, nyeusi, haina kengele, na madigadi yake ya kuzuia matope yalikatwa kutoka kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia. Ilikuwa inalia kila mguu unapozunguka.

"Kip, hii baiskeli yako inaomba chakula."

"Inaimba, mpenzi. Inakuimbia wewe."

"Basi iambie ninajua wimbo, ipumzike."

Mwezi wa Juni Kiptanui alisema maneno ambayo Wilkista alikuwa anayangojea. Alisema atakwenda Kamukuywa kumwona baba yake Wilkista, Mzee Wamukota, aombe ruhusa ya kumuoa. Wilkista alishona mkono wa shati la mteja mmoja mahali pa mfuko, akalifumua, akacheka peke yake.

Sasa, Kitale ya siku hizo, mtu alijulikana kwa baiskeli yake. Ukiona baiskeli imeegemea ukuta wa hoteli, unajua mwenyewe yuko ndani anakunywa chai. Hukuwa na haja ya kuuliza. Kwa hiyo Mama Bimla alipomwambia Wilkista kwamba ile baiskeli ya kijani imelala siku tatu kwa Jerono, hakuwa anasengenya. Alikuwa anasema tu alichokiona. Jerono alikuwa mwalimu wa nasari, mrefu, mwenye meno meupe na sauti ya kwaya, na alikaa nyumba ya mwisho kabla lami haijaisha.

Mchana huo huo simu ya duka ikalia. Kiptanui alikuwa Webuye, amekwenda kwa gari kupiga picha za arusi.

"Haloo, mpenzi! Umekula?"

"Kiptanui, baiskeli yako imelala wapi?"

"Ya jua? Kwa Jerono. Si mvua imenyesha siku tatu."

"Na wewe umelala wapi?"

"Kwangu."

"Ulifika kwako na nini?"

"Na ile ya mvua."

"Ile ya mvua ilitoka wapi?"

"Ilikuwa kwa Jerono."

"Kwa hivyo baiskeli zako mbili zote zinajua kwa Jerono."

"Wilkista, si hivyo! Lami inaishia hapo. Nikifika hapo na matope yameanza, naacha moja nachukua nyingine. Ni kama stesheni!"

"Na huyo stesheni masta anakupikia?"

Akaweka simu chini. Mama Bimla, aliyekuwa anajifanya anakunja kitenge kilekile kwa mara ya tano, akasema, "Mwanangu, usilie hapa. Kwanza nenda uone."

Wilkista akaenda. Kwa miguu, bila mwavuli, na mvua ikampata njiani ikamwosha mpaka kwenye mifupa. Alipogonga, Jerono alifungua mlango, na nyuma yake Wilkista akaiona. Baiskeli ya kijani ilikuwa katikati ya sebule. Ilifunikwa blanketi. Blanketi la sufu, la mistari, na juu ya kiti palitandikwa kitambaa cha kufuma kama vile vya kufunikia radio.

"Wewe ndiye Wilkista?" Jerono akapaza sauti kwa furaha. "Mungu amekuleta! Mwambie huyo mtu wako achukue vyuma vyake. Alinipigia picha za watoto wa nasari bure, nikamkubalia mwezi mmoja. Sasa ni mwaka! Mchumba wangu Mbugua akija anakaa jikoni, kwa sababu hapa hakuna nafasi ya goti lake. Juzi ameniuliza, huyu anayefunikwa blanketi ni nani kwako?"

"Hili blanketi ni lako?"

"Langu wapi! Kiptanui alilinunua mwenyewe. Ati chuma kinashika baridi."

Wivu wa Wilkista juu ya Jerono uliisha hapo hapo mlangoni. Lakini Wilkista alijitazama. Gauni limemgandia, viatu vimejaa maji, meno yanagongana. Akalitazama lile blanketi. Akakumbuka mara zote alizobebwa kwa mvua kwenye ile blakmamba, maji ya barabarani yakimrukia mgongoni, huku hii imelala hapa imefunikwa mpaka kidevuni.

Kesho yake alifunga nguo zake akaenda Bungoma, kwa dada yake aliyekuwa na kibanda cha kushona karibu na stesheni.

Kiptanui alimtafuta juma zima. Mwishowe Mama Bimla akamhurumia akampa namba ya duka la Bwana Manjit, muuza spea za baiskeli, jirani na kibanda. Manjit akamwita Wilkista, akampa simu, halafu akasimama hapo hapo akihesabu nati zilizokwisha kuhesabiwa.

"Wilkista, mpenzi wangu, Jerono amekueleza yote. Unanikasirikia nini tena?"

"Sijakasirika na Jerono."

"Basi na nani?"

"Na baiskeli."

Manjit akaacha kuhesabu.

"Mimi nikilowa ni sawa," Wilkista akasema. "Baiskeli ikilowa unalia. Nikiwa mke wako, Kip, nitakuwa naishi nyumba yenye blanketi moja. Litakuwa la nani?"

"Lako! La kwako, wallahi."

"Maneno. Jumamosi wazee wangu watakaa kikao Kamukuywa. Uje umwone baba saa saba, kama ulivyosema. Na uje na ile ya kijani."

"Ya kijani? Lakini huku inanyesha tangu Jumatano! Ile njia ya kwenu—"

"Naijua. Nimezaliwa huko. Usipokuja nayo, usije tena."

Akaweka simu. Manjit akatikisa kichwa chenye kilemba cha bluu. "Binti, udongo wa huko unakula Raleigh. Unajua?"

"Najua."

"Unataka baiskeli ife?"

"Nataka kujua kama itakufa kwa ajili yangu."

Manjit alifikiri. "Basi mwambie aje kwangu baadaye. Nitamuuzia spea."

Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri. Katika nyumba ya Mzee Wamukota, wajomba wawili walikaa kwenye viti vya sebuleni, kuku wamechinjwa, chapati ziko kwenye sinia. Wilkista alivaa blauzi ya njano aliyoishona mwenyewe, akasimama dirishani. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Mjomba mmoja akaanza kuitazama ile sinia kwa macho ya huruma.

Saa tisa kasoro akaonekana mtu kwenye kona ya njia. Hakuwa amepanda kitu. Alikuwa amebeba kitu.

"Huyo ndiye?" Mzee Wamukota akauliza.

"Ndiye, Baba," Wilkista akasema, akasogea mlangoni.

Kiptanui alikuwa mwekundu wa matope kutoka kisigino hadi nyusi. Suti yake ya kijivu, aliyoiazima, ilikuwa na rangi moja na barabara. Baiskeli ilikuwa begani, gurudumu la mbele limepinda kama yai, udongo umejaa kwenye madigadi mpaka hayaonekani, na taa moja inaning'inia kwa waya. Aliiweka chini uani, akafuta mkono kwenye suruali, mkono ukazidi kuchafuka, akainama kusalimia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ingia. Hapana, simama hapo kwanza." Mzee Wamukota alitoka mpaka barazani, akaizunguka baiskeli kwa macho. "Hii ni Raleigh?"

"Ni Raleigh, Mzee."

"Umetoka nayo Kitale? Kwa mvua hii?"

"Ndiyo, Mzee."

"Bila mtu kukufukuza?"

Wajomba wakacheka. Mzee hakucheka. Alionyesha pembeni ya mlango, palipokuwa na gambuti zake. "Kijana, mimi nina viatu vya matope na viatu vya kanisa. Vya kanisa viko ndani ya boksi chini ya kitanda. Nikimwona mtu analima na viatu vya kanisa, mimi namwogopa. Leo umeingiza chombo kizuri hivi kwenye matope. Kesho utamwingiza mtoto wangu wapi? Huna hata baiskeli ya mvua?"

Wilkista alingoja Kiptanui aseme. Neno moja tu lingemwokoa. Kiptanui alimtazama kwa macho yaliyobaki meupe katikati ya matope, kisha akatazama chini.

"Ni makosa yangu, Mzee. Sikufikiri."

"Basi nenda ukafikiri. Ukimaliza, urudi mwaka ujao." Mzee akageuka kuingia ndani.

"Baba, anayo!"

Sebule yote ikageuka. Wilkista hakuwahi kusema mbele ya wajomba, hata kuomba chumvi. Sasa alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono imeshika blauzi ya njano, na maneno yanatoka kama maji ya mfereji uliozibuka.

"Anayo baiskeli ya mvua. Nzuri sana. Blakmamba. Ina madigadi ya mtungi amekata mwenyewe, matope hayashiki hata kidogo! Anajua mvua kuliko mtu yeyote Kitale. Anajua lami inaisha wapi, anajua abadilishe wapi. Hii ya kijani hajawahi kuitia tone la maji, anaifunika blanketi, Baba, anaipenda kama… Ni mimi nilimwambia aje nayo. Nilimwambia asipokuja nayo asije tena."

Mzee akamgeukia binti yake.

"Wewe," Mzee Wamukota akasema polepole, "ndiye uliyemtia kwenye matope."

"Ndiyo, Baba."

"Na yeye akaja."

"Alikuja."

"Na hakukutaja." Mzee alimtazama Kiptanui kwa muda, kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani aliyekwama shimoni. "Kijana, mimi sina neno na wewe tena. Ninakuhurumia tu. Ingia ule."

Mama yake Wilkista alileta maji moto na shuka la kujifunga. Kiptanui aliketi kati ya wajomba, mabega wazi, chapati kila mkono. Wilkista alipopita na birika akamnong'oneza, "Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ningekushtaki kwa baba yako halafu nikuombe?"

"Mjinga wewe."

"Wako."

Mzee Wamukota akagonga kikombe kwa kijiko. "Sasa. Hii arusi mnataka lini?"

Kiptanui alitazama nje, kwenye mawingu. "Mzee, tungoje mpaka Desemba. Kiangazi kikishika. Njia zitakuwa kavu, wageni watafika, hata picha zitatoka vizuri."

"Agosti," Wilkista akasema.

"Agosti!" Mama yake akashika kichwa. "Mwanangu, Agosti mvua hainyamazi. Na lile gauni jeupe?"

"Nitashona mawili," Wilkista akasema, akamjazia Kiptanui kikombe mpaka juu.