Shati la Bi Tuttle

Kila asubuhi Yip Kwan alifua, akaanika, akapiga pasi. Alikuwa dobi mjini Marysville, Kalifonia, na duka lilikuwa lake. Mkewe, Suet, alikuwa amebaki Uchina. Kwan alitaka kwenda kumleta, na hakuona tatizo. Si ana duka? Basi ni mfanyabiashara.

Jirani yake, Mzee Fong, muuza mchele na samaki wakavu, alimzindua.

"Ukienda hivyo, mkeo atarudishwa bandarini."

"Kwani mimi nimeajiriwa na nani, Mzee?"

"Kwa sheria yao, dobi ni kibarua tu. Na mke wa kibarua huhesabiwa kibarua."

Akamweleza polepole. Mkataba wa mwaka 1868 kati ya Uchina na Marekani uliwaacha watu waende na kurudi wapendavyo. Ule wa 1880 uliiruhusu Marekani kuwazuia vibarua. Wafanyabiashara hawakufungiwa mlango.

"Mfanyabiashara kwao ni anayenunua na kuuza," alisema. "Ingia ubia nami. Mwaka mzima usifue wala usipige pasi. Kisha watu wawili wasio Wachina washuhudie hivyo."

Kwan akauza duka lake la udobi, akaingia ubia na Mzee Fong, akaanza kuuza mchele. Hata shati lake mwenyewe hakulipiga pasi, asije akachunguliwa dirishani.

Siku moja akaja Bi Tuttle, mjane, mteja wake wa zamani. Alileta shati la mwanawe aliyekuwa anaoa kesho yake. Kwan alilitazama, roho ikamuuma.

"Samahani, mama. Siwezi."

"Siku hizi una maringo, ee?" Akaondoka amenuna.

"Mvumilivu hula mbivu," Mzee Fong alimtuliza.

"Mbivu zenyewe ziko ng'ambo, Mzee."

Mwaka ukaisha. Muoka mikate mmoja, Mzungu, alikubali kushuhudia, lakini shahidi wa pili hakupatikana. Kwan akameza haya yake, akaenda kwa Bi Tuttle, akamweleza habari za mkewe. Mama yule akachukua kofia yake, wakaenda pamoja forodhani.

Ofisa wa forodha, ambaye ndiye aliyesimamia wageni waingiao nchini, alimuuliza Bi Tuttle kama Kwan alikuwa amefua au kupiga pasi mwaka ule.

"Huyu?" alisema Bi Tuttle. "Nilimbembeleza shati moja tu la harusi, akakataa. Mwanangu alioa na makunyanzi."

Ofisa akaandika.

Kwan akasafiri, akarudi na Suet. Bandarini walihojiwa, wakapita. Walipofika nje, Suet akamkagua mumewe.

"Dobi gani wewe, shati limekunjamana hivi?"

Kwan alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mke wangu, ningelipiga pasi, usingekuwa hapa."