Safari ya Bi Mahira Kwenda Unguja

Kila Jumamosi asubuhi Nabiha hufagia baraza la nyumba yao mtaani Kuze. Siku hiyo alifagia kwa hasira. Bibi yake, Bi Mahira, alikuwa anasafiri kwa ndege kwenda Unguja kumwona dada yake mgonjwa, na Ami Idarus, aliyepaswa kuwapeleka uwanjani, alikuwa bado anakunywa chai.

"Ami, tutachelewa," alisema Nabiha.

"Tuchelewe nini? Toka hapa mpaka Unguja ni kilomita mia mbili na arobaini hivi. Gawanya kwa mwendo wa ndege. Haifiki hata saa moja! Kamuulize mwalimu wako wa hesabu."

"Hesabu naijua, Ami. Lakini ndege haiji kutuchukua hapa barazani."

Ami Idarus alicheka mpaka chai ikamwagika. Nabiha hakuona cha kuchekesha. Ndege nyingine ilikuwa ya Jumanne, na mgonjwa mwenyewe alikuwa hoi. Nani alijua kama angeifikia hiyo Jumanne?

Tena kulikuwa na kuagana. Mtu wa Kuze hasafiri kimyakimya. Bi Mahira alivaa buibui lake akaanza kupita nyumba baada ya nyumba kuomba radhi, na kila nyumba ilimpa kahawa, dua na salamu za kupeleka. Kwa Bi Jana ikaletwa sinia ya halua. Bi Mahira akavua viatu, akaketi. Ami Idarus naye akaketi, akakunja na mikono ya kanzu.

Nabiha alibaki mlangoni. "Bibi, usiketi. Tafadhali."

"Nabiha! Adabu!" Ami akamkemea.

"Niiteni mkorofi, sawa," alijibu. "Lakini sanduku la Bibi nalipeleka garini, na sitashuka."

Akajitwika sanduku kichwani. Uchochoro wao hauingii gari, kwa hiyo alilibeba mpaka barabarani, akaketi kiti cha nyuma na kulikumbatia. Hata dereva wa teksi waliyoikodi alishangaa.

"Hebu mwoneni mtoto huyu anavyotuendesha!" Ami Idarus alikuja akifoka. Bi Mahira alimfuata nyuma, kifurushi cha halua mkononi.

Walipofika Makupa, penye njia ya kutoka mjini kwenda uwanjani, gari lilisimama. Malori ya bandarini yalikuwa yamefunga njia. Ami Idarus alitazama saa, akatazama malori, akaanza kutoka jasho. Hakuna aliyezungumza tena habari za kugawanya. Uwanjani, msichana wa kupokea mizigo alikuwa karibu kufunga.

"Harakisha, mama," alisema. "Wewe ndiye wa mwisho."

Jioni simu ililia. Ilikuwa sauti ya Bi Mahira. "Nimemkuta. Amenitambua, nimemshika mkono. Daktari asema huenda asifike kesho."

Nabiha alilia. Alipotulia, alimgeukia ami yake. "Unisamehe, Ami. Nilikujibu vibaya mbele za watu."

"Hilo nimekusamehe," alisema Ami Idarus. "Lakini kwa ile kweli uliyoisema usiniombe msamaha, wala usimwombe mtu mwingine. Mkubwa akikosea, mwambie, hata akicheka. Mimi nilihesabu safari ya ndege peke yake. Wewe ulihesabu safari ya bibi yako, tangu mlangoni kwake mpaka kitandani kwa dada yake."