Kengele Iliyopotea Mofu

Kengele haikuwepo. Nguzo mbili za chuma zilisimama mbele ya kanisa dogo la Methodisti, nje kidogo ya Mofu, na kati yake hapakuwa na kitu.

Inspekta Kudra Mahmoud alizizunguka polepole. Alikuwa ametoka Ifakara asubuhi, Konstebo Faustin akiendesha pikipiki. Mpunga ulikwisha kuvunwa. Yalibaki mabua na upepo.

"Mtuhumiwa tunaye, afande," Faustin alisema. "Sylvanus, mnunuzi wa vyuma chakavu. Wanakijiji walimpiga jana kabla hatujafika kumkamata. Yuko mahabusu."

"Kengele mmeikuta kwake?"

"Hapana. Ila nani mwingine angeitaka?"

Kudra alitazama juu. Nati hazikukatwa. Zilifunguliwa kwa spana, kisha zikarudishwa kwenye boliti zake. Mwizi gani anarudisha nati?

Aliyegundua wizi alikuwa Mchungaji Viktor, anayehudumia makanisa mengi na kufika hapa mara chache kwa mwaka.

"Ufunguo wa kanisa anao nani?" Kudra alimuuliza.

"Mzee Barnaba Nzunda peke yake. Ndiye mpiga kengele wetu."

Mzee Barnaba alikuja akivuta miguu, shati lake jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alifungua kufuli. Ndani, mabenchi yalikuwa na vumbi, isipokuwa moja la mbele. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ilining'inia kamba iliyoviringishwa vizuri.

"Hii ni kamba ya nini?"

"Ya kengele."

"Huwa inakaa humu?"

"Hapana, inakaa kwenye kengele..."

Kudra alimwacha apumue. "Nani alijenga hapa?"

Sauti ya mzee ikapata nguvu. "Sisi. Tulishuka na reli kutoka Mbozi, familia chache, tukitafuta ardhi ya mpunga. Wenyeji walikuwa Wakatoliki, wakatupokea vizuri, lakini sisi tulitaka pa kuimbia nyimbo zetu. Tukafyatua matofali. Wanawake wakabeba mchanga vichwani toka mtoni. Kengele ililetwa kwa treni. Siku ya kwanza kuipiga, watu walijaa hadi nje."

"Wako wapi sasa?"

"Wengine mafuriko yaliwahamisha, wakaenda Lupiro. Wasichana wameolewa na Wakatoliki, wanasali huko. Vijana wako Ifakara na Dar. Wengi wamelala hapo nyuma. Mke wangu pia."

"Jumapili iliyopita nani alikuja?"

"Mama Gladness."

Mama Gladness aliishi ng'ambo ya mfereji. Walimkuta mlangoni, mguu wake mmoja umevimba na kufungwa kitenge.

"Mimi? Sijakanyaga kanisani tangu masika. Mguu huu hauniruhusu."

"Hukumsikia Mzee Barnaba akipiga kengele?"

"Tulimsikia wote! Kila Jumapili kengele inalia, inalia, halafu kimya. Watu wanapita na baiskeli zao kwenda misa, wanasema, masikini Barnaba, yuko peke yake tena. Juzi nilimwambia usoni. Nikamwambia, Barnaba, tunakuonea huruma."

"Akasema nini?"

"Aliaga tu."

Kudra alirudi kanisani. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi lisilo na vumbi. Inspekta akaketi kando yake.

"Mzee, una haki ya kukaa kimya. Utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Aliyeshusha kengele alitundika kamba humu ndani, akafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo unao wewe."

Mzee alitazama mikono yake.

"Iko kwenye kihenge changu, chini ya mpunga. Niliishusha usiku kwa kamba yake, nikaisukuma kwa baiskeli."

"Kwa nini?"

"Kengele inaita watu, mwanangu. Ukiwaita wasije, bonde zima linajua hawakuja. Nilipiga nikiwa na matumaini, nikasimama mlangoni, nikaangalia njia. Kisha nikahubiri. Nilihubiri kweli, nikaitoa na baraka. Nilidhani ni siri yangu na Mungu. Kumbe walikuwa wananihesabia. Nikaona bora nisali kimyakimya. Mchungaji alipofika na kuuliza kengele iko wapi, nikasema sijui. Niliona aibu."

"Na Sylvanus? Walimvunja meno, mzee. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Machozi yalimtoka bila sauti. "Hilo ndilo kosa langu. Kengele si kitu."

Faustin alipiga simu kituoni Sylvanus aachiwe, kisha akaenda kuitoa kengele kwenye mpunga. Mchungaji Viktor alisema kanisa halitamshtaki mzee. Kuhusu Sylvanus, Kudra alisema, hilo ni la Sylvanus kuamua. Akitaka kushtaki, sheria itafuata mkondo wake. Mzee alikubali. Aliomba apelekwe akamwangukie miguuni, akaahidiwa.

Maelezo yalikamilika, mzee akaweka dole gumba kwenye wino. Jua lilikuwa bado juu. Kudra alifunga mkoba.

"Kesho utakuja tena?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Nimeshapata yote."

"Labda kuna jambo nimesahau. Ukiniuliza, naweza kukumbuka."

Kudra alisimama mlangoni, helmeti mkononi. Nje, Faustin alikuwa ameshawasha pikipiki. Kudra alimwonyesha kwa mkono azime injini.

"Basi niambie, mzee," alisema, akarudi kuketi. "Mkeo alikuwa anaimba sauti gani?"