Sauti ya Tano

Mashine ilikuwa na sauti nne tu za kusomea. Binti aliyeiunda alijua hivyo kwa kuwa ndiye aliyeziweka: mbili za kiume, mbili za kike, zote kavu kama matangazo ya stendi. Asubuhi ile alifungua mipangilio apunguze kasi, akaikuta ya tano. Haikuwa na jina. Palikuwa na mstari mtupu, na pembeni yake alama ya kwamba imechaguliwa.

Mtaani walimwita Risasi, kwa ile risasi anayoyeyusha kuunganishia nyaya. Katika chumba cha mbele alitengeneza simu na redio. Cha nyuma aliishi baba yake, mzee aliyesahihisha vitabu kiwandani mwa uchapaji hadi presha ya macho ilipomzimia taa zote mbili. Kumnyima kitabu mtu wa namna hiyo ni kumziba pumzi, ndiyo maana bintiye akamuundia msomaji: ubongo wa kompyuta iliyopasuka kioo, spika ya televisheni mbovu, kitufe cha kengele ya mlango. Mzee abonyeze, mashine isome ukurasa.

Risasi akaifuta sauti ya tano. Kufika adhuhuri ilikuwa imerudi. Alidhani ni kirusi, akaweka programu upya mara mbili. Baba yake akamwomba aiache. Hiyo ndiyo nzuri, alisema, hata inavuta pumzi ikifika kwenye nukta. Kisha akaongeza, kwa haya kidogo: inafanana na ya marehemu mama yako.

Kweli ilifanana. Lakini chumba kilinuka nywele zilizoungua, na siku hiyo Risasi hakuwa ameunganisha hata waya mmoja.

Haikupita wiki, mzee akawa hali chakula mpaka aombwe. Risasi akamtania kwa kisa chake cha mbuzi aliyetafuna kitabu cha bosi kabla hakijachapwa, kisa ambacho mzee alikirudia mpaka kikachosha nyumba nzima. Mzee akakunja uso; alisema hajawahi kukisikia. Kesho yake alisahau kiwanda chenyewe. Keshokutwa akauliza kwa upole, "Fundi, binti yangu amekwenda wapi?"

Mchana huo Risasi akajibanza nyuma ya mlango, jua likiwa la utosi na mtaa umenyamaza kama ulioonywa, akasikia sauti ya mama yake ikisoma taratibu, wala si kitabu, maana mashine haikuwa imewekewa kitabu chochote, bali siku ya harusi ya wazazi wake, kiatu kilichombana bwana harusi, kicheko cha bibi harusi alipokiona, na kila sentensi ilipokoma uso wa baba yake ulilegea kama maandishi yanayofutwa, halafu kidole chake, chenyewe tu, kikabonyeza tena.

Akaingia kwa kishindo. Akachomoa umeme, akang'oa betri, akakata nyaya za spika. Spika iliyokatwa ikaendelea.

"Zimebaki kurasa chache," ilisema, na hiyo haikuwa sauti ya mama yake tena.

Alimfuata shangazi yake, dada wa mzee, ambaye watu humwendea wakishachoka kwingine. Shangazi alipofika akaweka kiganja juu ya spika, akakitoa upesi. Alinong'ona kwamba huyu ni jini asiyeweza kuchukua asichopewa. Kila kaka yake anapobonyeza, anampa. Atakayemfukuza ni yule yule aliyemkaribisha. Risasi alikwishashika nyundo. Shangazi akamzuia: ukiivunja, ataondoka na alivyokwisha kumeza.

"Kaka," alisema, "mkatae."

"Nimkatae mke wangu?"

"Bonyeza, mume wangu," sauti ikaingilia, tamu, karibu mno na sikio. "Sura moja tu, upumzike."

Kidole kikaelea juu ya kitufe. Risasi hakukishika. Alipiga magoti, akamwambia baba yake kwamba hamwombi amkumbuke yeye. Atafute jambo moja tu la mama ambalo halijasomwa bado.

Harufu ikawa nzito hadi machozi yakawatoka. Mzee akainua kichwa.

"Mke wangu hakujua kusoma," alisema. "Mimi ndiye niliyemsomea, miaka arobaini, na usingizi ulimchukua kabla ya ukurasa kuisha. Wewe unayesoma ni nani?"

Spika ikakwaruza. Ikajaribu sauti ya Risasi, ya shangazi, ya mzee mwenyewe, zikagongana zote pamoja kama watu wanaogombea mlango mmoja, na kuta zikatetemeka hadi vumbi likadondoka.

"Sikupi tena," mzee alisema. "Acha vyangu, utoke."

Akakishika kitufe kwa mikono miwili, akaking'oa.

Kimya. Shangazi akafungua dirisha. Alitaka mashine nzima ikazikwe, lakini Risasi alikubali kutupa spika tu. Baba yake hatakaa bila kitabu kwa ajili ya mwizi mmoja, alisema. Ataiunda upya, na jini akirudi atawakuta wale wale waliomkataa.

Si yote yaliyorudi. Jioni, mzee alimtambua bintiye kwa kumpapasa viganja, ila mengine yalikuwa mashimo. Risasi akavuta kiti, akaanza kumsimulia mwanzo.

"Nilizaliwa asubuhi yenye mvua, na wewe ukachelewa kufika."

"Sikuchelewa," alisema baba yake.